Kesho Yakatwa Nundu ya Shukri

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili, huko Kuze, nje ya duka la Usman mshona makubadhi. Ubao umepinda katikati kwa uzito wetu, na sisi tumepinda kwa mambo mengine. Mimi hapo huitwa Karani, kwa kuwa miaka thelathini niliandika alama kwenye magunia bandarini. Sasa nimestaafu, sina la kuandika. Usman ni Kalibu. Kwake yeye binadamu huanzia kisiginoni, na yaliyo juu ya goti hayamhusu. Gharib ni Rula, maana mwaka wa themanini na nane alifanyiwa operesheni ya kunyoosha kidole gumba cha mguu, na tangu siku hiyo hatujapumua kwa habari za kidole hicho. Kahindi ni Wadi: alisukuma vitanda vya wagonjwa miaka ishirini na miwili, akatoka huko na maradhi yote kichwani, kwa majina yake. Na Shukri, mwenye dele la kahawa na vikombe, ni Saa Kumi, kwa sababu zamani ukisikia vikombe vyake vikigongana kichochoroni ulikuwa huna haja ya kutazama saa. Mwaka huu wa tisini na sita tumeanza kumsikia saa kumi na nusu, kisha saa kumi na moja kasorobo. Ni mguu. Kando ya kidole gumba cha kulia ana nundu ya mfupa, kubwa kama ndimu, nyekundu, na kidole chenyewe kimelalia vyengine. Jumapili hiyo alifika saa kumi na moja kamili, akatua dele, akasema kesho asubuhi analazwa hospitalini, nundu ikakatwe.

Wadi: Nundu? Mimi nimesikia ni mguu.

Shukri: Nundu, bwana. Nundu ya mguu.

Wadi: Sokoni wote wasema Shukri yuwakatwa mguu. Yule mama wa viazi vya karai alikuwa yuwalia.

Shukri: Mwambie anyamaze. Wanakata mfupa mmoja mdogo, wanaunyoosha, wanautia waya. Mguu wabaki.

Wadi: Mfupa wa wapi?

Shukri: Wa mguu.

Wadi: Basi si ndio hivyo hivyo?

Lugha yetu ndiyo yenye makosa. Mguu kwetu ni kutoka nyongani mpaka ukuchani, hauna mpaka katikati. Ukisema daktari atakata mfupa wa mguu, aliye karibu ataelewa, na aliye ng'ambo ya pili ya kichochoro atakuondolea kila kitu chini ya goti. Tangu Ijumaa Shukri alikuwa akipewa pole asizozielewa. Jirani mmoja kamuuliza, kwa upole kabisa, kiatu cha kulia atampa nani.

Shukri: Sikizani. Zamu hii nimeingoja mwaka na miezi minne. Nisipofika kesho saa moja asubuhi, kitanda apewa mwengine, mimi narudi mwisho wa foleni. Leo nimetoka Makadara mpaka hapa nimesimama mara tisa. Mara tisa! Mwengine akadhani nasimama kuuza, akaja kununua. Sasa nambieni. Niende nisiende?

Akatumiminia. Tulipokea vikombe bila kumtazama usoni.

Niseme ukweli mapema, maana nimeshachoka kuuzungusha. Daktari alimwambia Shukri wiki sita asikanyage kwa mguu ule, na mpaka mwezi wa tatu asibebe kitu. Miezi mitatu. Hakuna mtu mwengine anayepita Kuze na kahawa ya kunyweka; yule wa upande wa Ngome ya Yesu anawauzia watalii maji ya moto yenye rangi. Kwa hivyo pale ubaoni kila mtu alikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ilikuwa mkononi inatoa mvuke. Hilo hatukulisema. Tulisema mengine yote.

Rula: Nenda! Wewe wauliza nini na mimi nimekaa hapa? Mimi ni ushahidi unaotembea.

Wadi: Unaotembea upande.

Rula: Upande gani?

Wadi: Kushoto. Kila aliyekatwa nundu huenda kushoto. Nundu ni sukani ya mwili, Mungu hakuiweka pale bure. Ukiiondoa, mtu akitembea yuwapinda kidogo kidogo. Mimi nimewaona pale hospitalini, wakitoka wadini walenga mlango, wafika dirishani.

Rula: Mimi nilifika mlangoni!

Wadi: Simama utembee tukuone.

Rula alisimama. Mtu mzima wa miaka sitini na tatu, ana wajukuu, akasimama akatembea kutoka ubaoni mpaka kwenye mfereji ili athibitishe kuwa hapindi. Alikwenda vizuri hatua sita. Hatua ya saba akakutana na paka aliyelala katikati ya njia, akampisha kwa kushoto.

Wadi: Mwaona?

Rula: Paka huyo!

Wadi: Mbona hukumpisha kwa kulia?

Kulia palikuwa na ukuta. Hakuna aliyemsaidia kusema hivyo, nami nilikuwa na kahawa mdomoni.

Shukri: Wadi, hebu acha mizaha. Nundu ikikatwa, yarudi hairudi?

Wadi: Yarudi. Mfupa si nywele, ndugu yangu, mfupa wajua kwao. Ukiukata waondoka kwa hasira na warudi kwa hasira. Na nikuulize swali moja. Vile vipande wanavyokata huenda wapi?

Shukri: Mimi ntajuaje?

Wadi: Miaka ishirini na miwili nimesukuma vitanda. Nimeona ndoo za kila kitu. Ndoo ya nundu sijapata kuiona.

Rula: Unataka kusema nini?

Wadi: Sisemi kitu. Nasema ndoo sikuiona.

Hapo Kalibu akatoka dukani na msharasi wake wa kutobolea ngozi, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua. Mlango wa duka lake uko nyuma ya vichwa vyetu, husikia kila neno, lakini hutoka tu akiona tumepotea sana.

Kalibu: Nyote mwaongea viatu hamvijui. Nundu haina haja ya daktari. Nundu imeletwa na Wareno.

Rula: Wareno?

Kalibu: Kabla ya Wareno, nani hapa alivaa kiatu cha kufunika? Watu walivaa makubadhi, mguu wapumua, vidole vyatawanyika, kila kimoja na nafasi yake. Wakaja wale na viatu vya ncha, wakajenga ngome, wakaishi na watu. Hesabu nyumba kutoka ngomeni kuja huku. Kadiri ukaribiapo, nundu zaongezeka. Wale wauza vinyago pale langoni, wote wana nundu. Wote! Mimi nimewapima.

Rula: Wale wasimama juani kutwa wakingoja wazungu.

Kalibu: Na kwa nini wasimame pale na si kwengine? Mguu wajua ulikotoka.

Mimi: Upuuzi. Shukri nundu kaipata hotelini. Miaka kumi na tisa alikuwa weita, viatu vyeusi vya kuchongoka, vidole vitano vimefinywa mahali pa viwili. Na alipoacha hoteli akachukua dele, akaanza kuzunguka vichochoro hivi, ambavyo vyote vimeinama upande mmoja kwa ajili ya maji ya mvua. Na yeye daima huzunguka njia ile ile, kwa mkono wa kulia. Uzito wote waangukia mguu wa kulia. Kama angezunguka kwa kinyume miaka mitano, nundu ingehamia kushoto, zikalingana, asihisi kitu.

Walinitazama. Wadi akatikisa kichwa kwa heshima, na hapo ndipo nilipojua nimesema ujinga.

Shukri: Karani, wewe pia?

Mimi: Nafikiri tu.

Shukri: Basi niende nisiende?

Kalibu: Ngoja. Maneno basi. Mimi nina makasha.

Kalibu hapimi mguu kwa utepe. Akija mteja, anararua kipande cha kasha la sabuni, anakiweka chini, mteja anakanyaga, naye anazungusha penseli pembezoni mwa mguu wote, polepole, akitaja bismillahi. Kisha anaandika jina na mwaka, na neno moja la kumkumbushia. Hatupi hata kimoja. Baba yake aliyekuja kutoka Kachi, Bara Hindi, alifanya hivyo hivyo. Nyuma ya duka kuna miguu ya mji mzima imefungwa kwa kamba, ya walio hai na waliokwisha kufa, na ukimuuliza atakwambia nani alinenepa mwaka gani.

Akarudi na vipande vitatu, akapuliza vumbi, akavipanga ubaoni. Tulisogea tukampa nafasi.

Kalibu: Gharib. Themanini na sita, kabla ya operesheni. Themanini na tisa, baada ya operesheni. Tisini na tano, mwaka jana, alipokuja kwa yale makubadhi ya Idi. Tazama, Shukri. Hapa hakuna ndoo wala sukani.

Tulitazama. Kwenye kile cha kwanza mstari wa penseli ulitoka nje pale penye nundu, ukaingia tena, na kidole kimeinama ndani. Kile cha pili kilikuwa kimenyooka, mstari umekwenda moja kwa moja mpaka kidoleni. Na kile cha tatu mstari ulikuwa umetoka tena. Si kama wa kwanza, nusu yake, lakini umetoka, na kidole kimeanza kuinama.

 Miaka minane Rula ametwambia kidole chake ni cha kupigia mstari.

Rula: Mguu huo si wangu.

Kalibu: Jina lako hili.

Rula: Kina Gharib wako wengi.

Kalibu: Nimeandika "Gharib, hapendi kamba nyembamba." Nani mwengine hapendi kamba nyembamba?

Wadi: Imerudi! Si nilisema? Imerudi kwa hasira!

Rula alikuwa amekwiva uso. Nikamwonea huruma, na sikupenda kumwonea huruma. Nilizoea kumwonea hasira. Alikichukua kile kipande cha katikati, akakitazama sana. Halafu akainua macho.

Rula: Kalibu. Hapa ulinipima nimekaa au nimesimama?

Kalibu: Mimi hupima mtu amesimama. Mguu ukibeba uzito watawanyika, ndio mguu wa kweli. Baba alinifundisha hivyo.

Rula: Mwaka wa themanini na tisa nilikuwa siwezi kuukanyagia vizuri. Ulinikalisha pale juu ya kibao chako. Ukanishika kisigino, ukaniambia, tulia ami, nakuchora hivi hivi.

 Kalibu alikichukua kile kipande, akakiweka juu ya kile cha tatu, akakiinua mwangani.

Kalibu: Nilikukalisha?

Rula: Wallahi.

Kalibu: Kwa hivyo hapa kidole kilikuwa kimenyooka, au kilikuwa kimekaa tu?

Rula: Nakuuliza wewe.

Ndipo Kalibu akaketi. Sijapata kumwona akiketi saa za kazi. Alikuwa anafikiria ile miguu yote huko nyuma, nadhani: mingapi ilisimama, mingapi ilikaa, wangapi walikuwa wagonjwa au wajawazito akawaonea huruma akawasogezea kibao na asiandike. Kazi ya watu wawili, baba na mwana, na neno moja halikuandikwa.

Wadi: Basi hatujui kitu.

Kalibu: Nyamaza, Kahindi.

Mimi: Labda hakikunyooka tangu mwanzo.

Kalibu: Na wewe nyamaza.

Shukri alikuwa bado amesimama, mguu wa kulia ameuinua kidogo kama afanyavyo. Akaweka ndoo ya maji ya kuoshea vikombe chini, akaja mpaka mbele ya Rula.

Shukri: Gharib. Vua kiatu.

Hakumwita Rula. Na Rula, ambaye hata Idi huvaa soksi, akavua. Kwanza kiatu, kisha soksi, akaikunja akaitia mfukoni.

Kovu lilikuwa refu, jeupe, limepita kando ya kidole kama mshono wa gunia. Kidole kilikuwa kimenyooka kiasi. Nundu ilikuwako, ndogo, laini. Si mguu wa kujivunia wala wa kuaibikia. Ulikuwa mguu wa mzee.

Shukri: Chakunjika?

Rula: Hakikunjiki. Kilikaza.

Shukri: Sasa ukisali, kwenye tahiyatu wafanyaje? Kidole si hukunjwa kikaelekea kibla?

Rula: Nakaa ninavyoweza. Mungu anauona.

Shukri: Chauma?

Tulingoja aseme hakiumi hata kidogo, kama kila siku. Alikisugua kidole kwa kiganja.

Rula: Mwezi wa Julai, kukiwa na baridi, chauma. Nikitembea sana chauma. Lakini si kama kabla. Kabla, Shukri, shuka ikinigusa usiku nalia. Mke wangu Mwanakuu alikuwa akiniwekea kikapu juu ya mguu ili shuka isiuguse. Sasa shuka yanigusa, nalala.

Shukri: Kwa hivyo imefaulu?

Rula: Daktari alisema imefaulu siku ile ile, kabla sijaamka. Mimi mwaka wa kwanza nilijuta. Mwaka wa pili nikasahau kujuta.

Shukri: Ungefanya tena?

Rula: Ningefanya. Ila nisingewaambia hawa.

Hata Wadi hakucheka. Lilikuwa jibu la kwanza la maana tangu tuanze, na lilitoka kwa mtu tuliyemdhania muongo.

Shukri: Na zile wiki sita za kutokanyaga?

Rula: Hizo usiniulize. Chooni nabebwa. Kuoga nabebwa. Wiki ya kwanza maumivu hayakupi nafasi ya kuona haya, wiki ya pili waona haya mpaka wataka kufa. Mwanakuu alinibeba, Mungu amrehemu, na alikuwa mwembamba kuliko mimi. Nikianguka anaanguka na mimi, tunacheka wote sakafuni.

Shukri alitikisa kichwa, akachukua dele. Yeye yuko peke yake, chumba kimoja ghorofa ya pili, ngazi za mbao zilizosimama wima. Mkewe alitangulia miaka sita iliyopita, na binti yake Lamis ameolewa Maskati. Huja akipata ruhusa, na ruhusa hapati. Hayo tulikuwa tunayajua. Tulikuwa tunayajua wote wanne, na Kalibu akasema:

Kalibu: Mimi nikikutilia ngozi ya mbuzi hapa kando, laini, na soli ya tairi nyembamba, waweza kwenda miaka mitano myengine bila kisu.

Shukri: Umenitilia mara tatu, Usman.

Kalibu: Mara ya nne ntaitoboa tundu. Nundu ikae nje, ione dunia.

Wadi: Au wakate nusu. Wamwachie nusu ya sukani.

Rula: Hakuna operesheni ya nusu!

Wadi: Yako ilikuwa nini?

Wakaanza upya. Kalibu akarudi kwa Wareno, safari hii akawaongezea Waarabu. Wadi akasema yuko mtu Kaloleni alikatwa nundu ikarudi na meno. Rula akataka kutembea tena, paka ameshaondoka. Mimi nikasema jambo kuhusu mwezi kamili na maji ya mifupa ambalo sitalirudia hapa. Tulikuwa tumechoka, lakini kuchoka kwetu ni kwa namna hiyo, kinywa ndicho cha mwisho kulala.

Ndipo akaja Everlyne. Ni mwalimu wa chekechea ya kanisa, msichana mnene kiasi, mpole. Alikuwa ametoka ibada ya jioni, amekuja kuchukua kiatu alichompa Kalibu atie kisigino. Hatumjui sana. Akatusalimu kama watu walivyofunzwa, mmoja mmoja.

Everlyne: Shikamoni wazee.

Sote: Marahaba, mwanangu.

Everlyne: Fundi, nimekuja kwa kile kiatu. Naona mna kikao?

Kalibu: Twamshauri huyu. Kesho yuwalazwa, mguu wake wafanyiwa operesheni.

Everlyne: Jamani! Pole, mzee wangu. Ni ule wa kulia? Nakuonaga ukipita pale shuleni, nawaambia watoto wakupishe.

Shukri: Ahsante, mwanangu. Ni huo.

Everlyne: Wanakulaza saa ngapi?

Shukri: Saa moja asubuhi.

Everlyne: Na nani anakupeleka?

Aliuliza hivyo tu. Hakuwa na hila, alikuwa ameshika pochi yake anangoja kiatu. Akamtazama Kalibu, kwa kuwa Kalibu ndiye anayemjua. Kalibu akaanza kukusanya makasha yake ubaoni, moja juu ya jengine. Everlyne akamtazama Rula, Rula akainama kutafuta soksi ambayo mwenyewe aliitia mfukoni. Wadi akachungulia ndani ya kikombe, akakigeuza, akachungulia chini yake. Macho ya Everlyne yakafika kwangu. Nilitaka kusema neno. Nina neno la kila kitu mimi, nilikuwa na neno la vichochoro na la mwezi, na pale nikayahesabu mawe ya ubao, nayo ni mawili.

Everlyne: Au nimeuliza vibaya?

Shukri: Hukuuliza vibaya, mwanangu.

Everlyne: Nilidhani mmoja wa hawa wazee...

Shukri: Hawa ni wateja wangu.

Alisema bila ubaya wowote. Kama angesema kwa ubaya ingekuwa afadhali. Miaka kumi na minne tumekunywa mkononi mwake kila siku ya Mungu, na ndugu yetu huyu, alipotafuta jina la kutuita mbele ya mgeni, hilo ndilo alilolipata, na lilikuwa jina la haki.

Everlyne: Ningekuja mimi, wallahi si uongo, lakini watoto wanaingia saa moja na nusu, na mwenzangu ana mtoto mchanga.

Shukri: La, la, usijisumbue. Kwenda nitakwenda na miguu yangu.

Everlyne: Na kurudi?

Shukri alikuwa anasuuza vikombe. Alisuuza cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alinyoosha mkono akachukua cha Wadi kutoka mikononi mwake, akakisuuza nacho. Akalitikisa dele, likawa jepesi, makaa yake yamekuwa majivu.

Shukri: Haya. Imekwisha.

Kalibu alimpa Everlyne kiatu chake, kimefungwa kwenye gazeti, naye akaaga akaenda zake akigeuka nyuma mara mbili. Shukri akachukua dele kwa mkono wa kushoto na ndoo kwa mkono wa kulia, akatutakia usiku mwema, akatuomba tumsamehe kama amewahi kutukosea. Tulimwambia tumemsamehe. Alikwenda pole pole, akasimama penye mlango wa madrasa, akaenda, akasimama tena. Kona ya pili ilikuwa hatua thelathini tu, na ilimchukua muda wa kutosha mtu yeyote kuinuka, kumfuata na kumpokea ile ndoo.

Rula: Sasa tumemwambia aende au asiende?

 Kesho yenyewe ni Jumatatu. Katika sisi wanne hakuna mwenye kazi ila Kalibu, na wateja wa Kalibu wa Jumatatu asubuhi ni sisi.